Pembe Iliyo Halali kwa Mpini wa Kisu

Angalia kisu ulicho nacho nyumbani. Mtu akikisifu, husifu makali yake. Lakini mkono haushiki makali. Mkono unashika mpini. Mpini ukilegea au ukiteleza, kisu kizuri kinamkata mwenyewe. Kwa hiyo tangu zamani watu wametafuta kitu kigumu, kisichoteleza na kisichopasuka upesi, ili wakifanye mpini. Wengine walichagua mti. Wengine walichagua ngozi. Na wengine walichagua pembe.

Kijiji cha Soitsambu kiko katika Tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro. Upande wa magharibi iko Hifadhi ya Serengeti. Upande wa kaskazini uko mpaka wa Kenya. Hapa ng'ombe na nyumbu hula majani ya nyika moja. Kwa hiyo pembe ni nyingi. Ziko pembe za ng'ombe kwenye machinjio. Ziko pia pembe za nyumbu, za pofu na za nyati zilizolala porini, mahali ambapo simba alikula akashiba akaziacha.

Mtu anayetaka mpini anaweza kufikiri kwamba pembe zote hizi ni sawa. Si sawa hata kidogo. Pembe moja inaweza kukupa mpini mzuri wa miaka mingi. Nyingine inaweza kukupeleka gerezani. Nyingine inaweza kukuletea ugonjwa wa kuua. Katika ukurasa huu tutaeleza tofauti zake. Tutaeleza pia jinsi mpini wa jambia katika nchi ya mbali ulivyomaliza faru wa Ngorongoro.

PEMBE NI ZA AINA TATU

Aina ya kwanza ni pembe ya ng'ombe. Ukiikata utaona sehemu mbili. Ndani kuna mfupa. Nje kuna gamba gumu, la namna moja na ukucha wa kidole chako au kwato ya mbuzi. Gamba hilo ndilo linalofaa kwa mpini. Mbuzi, nyati, pofu, nyumbu na swala wote wana pembe za namna hii. Pembe hizi hazidondoki. Mnyama hukaa nazo mpaka kufa kwake.

Aina ya pili ni pembe ya faru, ambaye wengine humwita kifaru. Hiyo haina mfupa ndani. Yote ni kitu kile kile cha ukucha na nywele, kilichoshikamana kwa nguvu kutoka chini hadi juu.

Aina ya tatu haipatikani kwetu. Ni pembe ya mnyama anayeitwa ayala katika Biblia ya Kiswahili. Ayala hufanana na swala, lakini si swala. Pembe zake zina matawi kama mti mkavu. Tena zote ni mfupa mtupu. Ajabu yake ni hii: kila mwaka pembe za ayala hudondoka zenyewe, kisha huota nyingine mpya. Ayala na jamaa zake wanaishi Ulaya, Asia na Amerika. Katika Afrika wako kaskazini tu, katika nchi za Algeria na Tunisia. Kusini mwa jangwa la Sahara hakuna ayala wa porini.

WATU WANAOKUSANYA MIPINI

Wako watu huko Ulaya na Marekani wanaokusanya visu vya zamani na bastola za zamani. Hawavikusanyi kwa kukata nyama wala kwa kupiga risasi. Wanavipanga katika makabati na kuvitazama. Kwetu sisi jambo hili laweza kuonekana la kuchekesha. Lakini watu hao hulipa fedha nyingi, na mara nyingi hulipa zaidi kwa ajili ya mpini kuliko kwa ajili ya chuma.

Mpini wanaoupenda sana ni ule wa pembe ya ayala. Pembe hiyo kwa nje ina mikwaruzo na vinundu kama gome la mti. Mkono ukilowa jasho, maji au damu, mpini hauchomoki. Baada ya miaka mingi, pembe nyeupe hubadilika rangi ikawa ya asali. Na hakuna pembe mbili zinazofanana. Kwa bastola, mafundi hupasua pembe wakatoa vibao viwili, kimoja kwa kila upande wa mpini. Mkusanyaji hodari atageuza bastola huku na huku. Anataka kuona kama vibao vyote viwili vimetoka katika pembe moja.

Pembe nyingi za kazi hii zilitoka India. Huko kuna ayala mkubwa aitwaye sambari, na pembe yake ni nzito na ngumu. Mafundi wa visu wa mji wa Sheffield, Uingereza, walinunua pembe za sambari kwa wingi. Walioziuza walisema kwamba hakuna mnyama aliyeuawa. Walisema pembe zimeokotwa msituni baada ya kudondoka zenyewe.

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini nani ataweza kujua? Pembe zikishakatwa vipande na kutiwa katika gunia, iliyookotwa na iliyokatwa kwa mnyama aliyeuawa zinaonekana sawa. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1990, serikali ya India ilipiga marufuku biashara hiyo, hata ya pembe zilizodondoka. Tangu hapo wakusanyaji wanatafuta mipini ya zamani, nayo bei yake imepanda.

Kumbuka jambo hili la India, kwa maana tutalikuta tena hapa kwetu Loliondo.

JAMBIA ZA YEMEN NA FARU WA NGORONGORO

Wazee wa Unguja na Pemba wanaijua jambia. Ni kisu kifupi kilichopinda ncha. Mwanamume huivaa mbele, katikati ya mkanda. Masultani wa Unguja, ambao asili yao ni Oman, waliivaa. Oman wenyewe wanaiita khanjari, na picha yake iko katika bendera ya nchi yao.

Katika nchi ya Yemen jambia si pambo la wakubwa peke yao. Ni alama ya uanaume. Kijana akianza kukua hupewa jambia yake. Na heshima ya jambia iko katika mpini. Mpini wa mti ni wa mtu wa kawaida. Mpini wa pembe ya nyati-maji ni afadhali. Lakini uliopita yote ulikuwa mpini wa pembe ya faru. Pembe hiyo ikishikwa na kusuguliwa kwa miaka mingi, hung'aa na kupata rangi ya manjano, na mwanga huanza kupenya pembeni. Wayemeni wana jina la rangi hiyo. Wanaiita saifani. Jambia ya saifani hurithiwa kutoka kwa baba mpaka kwa mjukuu.

Zamani wenye mipini ya namna hiyo walikuwa wachache, maana pembe ya faru ilikuwa ghali. Kisha mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafula duniani kote. Saudi Arabia, iliyo jirani na Yemen, ikapata fedha nyingi na kuhitaji wafanyakazi. Vijana wa Yemen walikwenda huko kwa maelfu na maelfu. Waliporudi na mishahara yao, wengi walitaka kitu kimoja: jambia kama ya wakubwa.

Basi pembe zikatafutwa. Hesabu za forodha za Yemen ya Kaskazini zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1969 na 1977 ziliingia pembe za faru zaidi ya kilo 22,000. Ndugu msomaji, pembe mbili za faru mmoja wa Afrika kwa pamoja ni kama kilo tatu tu. Gawanya mwenyewe uone ni faru wangapi waliokufa. Mpini ulipochongwa, hata unga na vipande vilivyobaki havikutupwa. Viliuzwa katika nchi za Asia ya Mashariki kwa watengenezaji wa dawa.

Na faru hao walitoka wapi? Wengi walitoka Afrika Mashariki, pamoja na Tanzania.

Katikati ya miaka ya 1960 mtaalamu mmoja aitwaye John Goddard alifanya kazi ya kuhesabu faru katika Bonde la Ngorongoro. Aliwatambua mmoja mmoja kwa umbo la pembe, kwa mikunjo ya pua na kwa masikio yaliyochanika. Alipata faru 108. Oldupai nako walikuwako. Na Serengeti walikuwako kwa mamia. Mchungaji wa siku zile alijua kwamba akipita kichakani asubuhi na mapema ni lazima asikilize kwanza.

Baada ya miaka 30 tu, faru katika Bonde la Ngorongoro walikuwa chini ya 20. Wa Oldupai waliisha. Katika Serengeti yote waliobaki walikuwa wachache mno, wamejificha kwenye mawe ya Moru. Katika bara zima la Afrika, faru weusi walikuwa wapatao 65,000 mwaka 1970. Ilipofika mwaka 1995 walikuwa 2,400 hivi.

Tusiseme kwamba mpini wa jambia peke yake ndio uliofanya yote haya. Dawa za Asia zilikuwa na sehemu yao. Majangili wenye bunduki walikuwa watu wa kwetu na wa nchi jirani, na pembe zilipita katika mikono ya wafanyabiashara wetu. Lakini jangili hapigi risasi bila kujua mnunuzi. Katika miaka ile mnunuzi mkubwa kupita wote alikuwa fundi wa jambia.

Alikuwako faru jike mmoja aliyeishi kuyaona yote hayo. Jina lake Fausta. Watafiti walimwona mara ya kwanza katika Bonde la Ngorongoro mwaka 1965, akiwa bado mdogo. Wenzake waliisha, yeye akabaki. Uzeeni macho yake yaliharibika na fisi wakawa wanamshambulia, ikabidi atunzwe ndani ya uzio kuanzia mwaka 2016. Alikufa tarehe 27 Desemba 2019, akiwa na umri wa miaka 57. Faru wachache sana duniani wamefikia umri huo.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 1977 nchi zilizo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini zilikataza biashara ya pembe za faru. Yemen ya Kaskazini ilikataza kuziingiza mwaka 1982, ingawa watu waliendelea kuzipitisha kwa magendo. Mtu mmoja aliyefanya kazi kubwa hapa ni Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyekaa Nairobi. Alikwenda mara nyingi katika masoko ya Yemen. Alikaa na mafundi, akauliza bei, akahesabu mipini. Viongozi wa dini wa Yemen nao walitoa fatwa kwamba kuua faru kwa ajili ya jambia ni kinyume cha mapenzi ya Mungu. Mafundi wengi wakarudi kwenye pembe ya nyati-maji kutoka India. Huyo ni mnyama wa kufugwa, kama ng'ombe wetu.

Hapa kwetu faru wameanza kuongezeka tena kwa ulinzi wa usiku na mchana. Mwezi Mei mwaka 2010 faru watano waliletwa Serengeti kwa ndege kutoka Afrika ya Kusini. Walikuwa wa ukoo wa faru waliopelekwa huko zamani kutoka Kenya. Rais Jakaya Kikwete mwenyewe alikwenda kuwapokea. Kabla mwaka huo haujaisha, mmoja wao aliuawa na majangili, na pembe zake zikachukuliwa.

PEMBE ILIYOLALA PORINI NI YA NANI?

Sasa turudi Soitsambu.

Tuseme mwanao amerudi kutoka machungani. Mkononi ameshika pembe ya pofu, ndefu na nzuri, iliyojipinda. Anakuambia, "Baba, sikuua mnyama. Nimeiokota tu. Nataka kuifanya mpini."

Mtoto huyo hakusema uongo. Lakini mbele ya sheria bado iko taabu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba pembe, jino, mfupa, ngozi, ukucha, kwato, manyoya, hata yai la mnyama au ndege wa porini ni nyara. Nyara iliyookotwa ni nyara ya serikali. Mtu akikutwa nayo bila kibali ana kosa, hata kama mnyama aliuawa na simba, hata kama alikufa kwa ukame. Kama thamani ya nyara ni kubwa, kifungo chaweza kuwa miaka 20 mpaka 30.

Wananchi wengine huona sheria hii ni kali mno kwa kitu kinachooza bure nyikani. Malalamiko hayo yanaeleweka. Lakini kumbuka mambo ya India. Askari wa wanyamapori akikuta pembe katika nyumba yako, hana njia ya kujua kama uliokota au ulitega waya. Na kama kuokota kungekuwa ruhusa, kila jangili angesema ameokota.

Kwa hiyo umwambie mtoto asiichukue pembe. Aiache pale pale, akukumbushe mahali ilipo, nawe utoe habari kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa ofisi ya wanyamapori. Hata pembe ya tandala inayopulizwa kuwaita morani, ambayo baadhi ya familia wanayo tangu zamani, ni vizuri mwenyewe aende kuuliza ofisini kabla hajaulizwa yeye.

Tena ujihadhari na mgeni anayesimamisha gari barabarani na kuuliza kama una pembe ya mnyama wa porini, au kisu chenye mpini wa jino la tembo. Atakuambia ni kwa ajili ya kumbukumbu tu. Yeye atapanda gari na kwenda zake. Akikamatwa uwanja wa ndege na kuulizwa alikonunua, atakitaja kijiji chako.

UGONJWA WA KIMETA

Liko jambo jingine ambalo ni baya kupita kesi. Nalo ni kimeta.

Wilaya ya Ngorongoro imeujua ugonjwa huu kwa miaka mingi. Unashika ng'ombe, mbuzi, nyumbu, nyati na watu. Mnyama hufa ghafula. Tumbo huvimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Vijidudu vya kimeta vikitoka nje ya mwili hujifunga katika ganda gumu. Vikiwa hivyo vinaweza kukaa katika udongo kwa miaka mingi sana bila kufa. Vinaweza kukaa katika ngozi, katika manyoya, katika mifupa na katika pembe.

Fikiri sasa mtu ameokota pembe kama hiyo. Anaikata kwa msumeno. Anaisugua kwa tupa. Unga unaruka, naye anauvuta puani. Au tupa inamkwaruza kidole, vijidudu vinaingia. Kidonda cha kimeta huanza kama upele. Kisha hupata doa jeusi katikati, na mara nyingi hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, watu hukidharau. Ukiona kidonda cha namna hiyo nenda zahanati au hospitali ya Wasso siku hiyo hiyo, useme wazi kwamba umeshika mzoga. Kimeta kikigunduliwa mapema dawa zake zipo.

Ng'ombe wako mwenyewe akifa ghafula, usimchune na usimkate pembe. Mwite afisa mifugo. Wala usidhani kwamba kuchemsha pembe katika sufuria ya nyumbani ni kinga. Vijidudu hivi ni sugu.

SIME YA MMASAI

Labda utauliza: kama pembe zilikuwa nyingi hivi, mbona sime ya Mmasai haina mpini wa pembe?

Sime, ambayo Wamasai huiita olalem, ina bapa refu linalopanuka kuelekea ncha, mfano wa jani. Hufuliwa na wahunzi wa Kimasai, ilkunono, na huko upande wa Sale Wasonjo nao wana wahunzi wao. Siku hizi chuma chake mara nyingi ni tupa kuukuu au springi ya gari. Ala yake ni ya ngozi nyekundu. Mpini wake ni mwembamba, umevikwa ngozi.

Ngozi hiyo ndiyo siri. Hushonwa ikiwa mbichi na yenye maji. Inapokauka hunywea na kubana kama pingu. Haitelezi katika jasho na haipasuki sime ikianguka kwenye jiwe. Tena mwenye sime anaweza kuitengeneza mwenyewe chini ya mti, kwa kipande cha ngozi ya mbuzi na uzi. Mimi naona kwa sime ya kutembea nayo porini mpini huu unaushinda ule wa pembe. Mpini wa mti nao ni mzuri, hasa wa oloirien, yaani mzeituni mwitu, mti ule ule wa marungu na fimbo.

Lakini kwa kisu cha jikoni, kisu cha kuchinjia, au kisu cha kuuza kwa wageni, pembe ya ng'ombe inafaa sana.

JINSI YA KUTENGENEZA MPINI WA PEMBE YA NG'OMBE

Pata pembe ya ng'ombe aliyechinjwa akiwa mzima na nyama yake ikakaguliwa. Machinjioni mara nyingi pembe hutupwa. Omba upewe karatasi ndogo yenye tarehe na jina la machinjio. Karatasi hiyo itakusaidia baadaye.

Kwanza mfupa wa ndani utoke. Loweka pembe katika pipa la maji mpaka mfupa ulegee. Kazi hii huchukua majuma kadhaa na harufu yake ni mbaya, basi pipa likae mbali na nyumba, lifunikwe, mbwa wasifike. Ukitaka upesi, chemsha pembe kama nusu saa, kisha igonge juu ya gogo mpaka mfupa uchomoke. Anika pembe kivulini mwezi mmoja au zaidi. Jua kali huipasua.

Sasa tazama ncha ya pembe. Hapo hakuna uwazi, ni gumu tupu. Kwa kisu kidogo ncha hiyo yatosha. Ikate kwa msumeno, kwa urefu wa kiganja kinachoshika na kuzidi kidogo. Toboa tundu kwa keekee, jembamba kuliko mkia wa kisu, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya mpini. Funga makali kwa kitambaa kilicholowa maji, yasiharibiwe na moto. Pasha mkia moto mpaka uanze kuwa mwekundu, usukume ndani ya tundu, uchomoe mara moja, utie pembe majini. Rudia hivyo mpaka mkia uingie wote. Usiache chuma cha moto kikae ndani, maana pembe iliyoungua huvunjika kama mkaa. Fanya kazi hii nje ya nyumba. Harufu yake ni ya nywele zilizoungua, na mama wa nyumba hatakusamehe.

Mkia ukiingia vizuri, utie gundi kali, ile ya kuchanganya mbili inayouzwa katika maduka ya vifaa. Acha siku moja ikauke. Halafu toboa tundu dogo kutoka upande hadi upande, kupita katika mkia, na upigilie kipande cha waya wa shaba. Huo waya ndio utakaoshika gundi ikichoka.

Kama ng'ombe wako wana pembe fupi, tumia sehemu ya chini iliyo na uwazi. Ipasue kwa urefu. Chemsha vipande mpaka vilainike, vibane kati ya mbao mbili, na uweke jiwe zito juu mpaka vipoe kabisa. Vikipoa hubaki vimenyooka. Utakuwa na vibao viwili, kama vile vya mpini wa bastola tulivyovisema. Weka kimoja kila upande wa mkia, uvifunge kwa vipande vitatu vya waya wa shaba. Ndugu zetu wa Kagera na Uganda, wenye ng'ombe wa pembe kubwa, hupata vibao vingi katika pembe moja.

Umbo la mwisho lifanye kwa tupa, kisha kwa msasa. Unaposugua, lowesha pembe maji na ufunge kitambaa puani na mdomoni, maana unga wa pembe hata ulio safi unadhuru kifua. Mwisho chukua majivu laini yaliyochekechwa, changanya na mafuta kidogo, sugua kwa kitambaa mpaka mpini ung'ae.

Ukiuza kisu hicho kwa mgeni, mwambie wazi kwamba ni pembe ya ng'ombe na umpe ile karatasi ya machinjio. Pembe nyeusi ya ng'ombe ikishang'arishwa hufanana sana na ya nyati, na mgeni ataulizwa getini.

Mpini wa pembe usiuache juani wala karibu na moto, na usiulaze majini usiku kucha. Kila baada ya miezi michache upake mafuta. Ukipasuka, usitupe kisu. Chukua kipande cha ngozi mbichi ya mbuzi, kiloweke, kivute kwa nguvu kuzunguka mpini na ukishone kama wanavyoshona mpini wa sime. Kiache kivulini siku mbili.